Ukuta Una Chumvi

Shee ndugu yangu, pesa zako zimefika.
Kabla hujauliza zimetumikaje
nikueleze habari za ukuta.

Ule wa chumba cha ndani, uliousifu kwenye picha,
laini kama ganda la yai,
ulianza kutoka jasho mvua za kwanza.
Madoa mawili, kama macho.
Kisha ndevu nyeupe, fupi, za unga:
nazifagia asubuhi, jioni zimeota.
Nyuma ya kabati ukungu mweusi wenye manyoya
ukapanda hadi kwenye kidaka cha mama,
ukala daftari lake la madeni,
likabaki jina la Bi Zena tu na kilo zake mbili za mchele.

Na Salme wangu akaanza kukohoa.
Si kikohozi cha mafua. Cha usiku,
kinachopiga filimbi ndani ya kifua,
mtoto amekaa kitako, mikono magotini,
kama mzee anayengoja zamu hospitali.

Watu hawakosi neno.
Huyu akasema jicho. Yule akasema
nyumba ya marehemu haipendi kuguswa.
Nikamnywesha kombe, nikafukiza ubani,
moshi ukamzidishia.
Daktari aliandika dawa ya kuvuta,
akaniuliza, "Analala wapi?"
Swali dogo hilo. Nilitembea nalo
njia nzima ya Langoni, nikipishana na punda,
nikafika, nikavua buibui, nikapiga magoti,
nikaulamba ukuta.

Chumvi, Shee.
Chumvi ya kukunja uso.

Unawakumbuka wale punda saba wa usiku,
magunia yakichuruzika ngazini?
Mchanga wa ufuoni, haujaoshwa hata kwa kata moja,
kwa kuwa wa halali una bei na foleni,
nawe ulisema kwenye simu, "Mchanga ni mchanga."
Mimi nilishika taa. Silikatai hilo.
Nilishika taa, nikahesabu punda, nikawapa vijana chai.
Juu ya mawe yaliyozoea kupumua tangu enzi za babu
tukapaka saruji, kama kumziba mtu pua
kisha kumwambia alale salama.

Fundi niliyempata ni kijana wa Siyu, Bwanaheri,
ndevu hazijatimia, kiburi kimetimia,
alitaka nusu kabla hajavua viatu.
Akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.
"Mmemvika mgonjwa koti la mvua," akasema.
Nilimchukia siku nzima.

Tumebandua siku tisa.
Salme kwa shangazi, Mkomani.
Kulowesha kwanza, vumbi lisiruke,
midomo tumefunga leso, yangu ile
iliyoandikwa Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Saruji ikatoka kama ukoko wa sufuria,
na chini yake mawe, maji matupu, baridi kama samaki.
Kila gunia la kifusi nimelitia rangi nyekundu
lisije likauzwa tena.
Maana wamekuja kuuliza bei. Wawili.
Mmoja, mkewe kajifungua juzi, ana mtoto mchanga.
Nikamweleza yote, hadi kikohozi.
"Mchanga ni mchanga," akaniambia, naye pia.
Nilifunga mlango na komeo.

Sasa chokaa imelala shimoni.
Haitaki haraka, anasema Bwanaheri,
si kabla ya Maulidi. Anasema hivyo
huku mkono umenyooka, anataka nusu ya pili.
Ukuta uko uchi. Usiku bado unatoa chumvi,
alfajiri naupangusa kwa maji ya mvua na kitambaa,
ndoo mbili, maji yanageuka maziwa.
Jana Salme alipanda ngazi za shangazi mbio
akafika juu akicheka, hakushika ukuta.
Lakini hapa hajarudi kulala.

Kila Ijumaa naulamba, pale pale, chini ya kidaka.
Wiki hii chumvi ilikuwa kidogo,
au ulimi wangu umezoea.

Kwa hiyo pesa zimekwisha.
Ukija likizo, usibebe rangi.
Njoo na ulimi wako.